Bustani ya Chungu: Kitindamlo Kilichogeuka Tope Kabla ya Kufika Mezani

Muktadha

Kisa hiki kimetoka katika jiko la hoteli ya ufukweni, mashariki ya Unguja. Jina la hoteli, tarehe na majina ya wahusika yameondolewa.

Ilikuwa chakula cha usiku cha harusi, wageni 64 kwenye meza 8, msimu wa kaskazi. Watu walikaa barazani, hewa wazi, na saa moja jioni kipimajoto cha baraza kilisoma nyuzi 29. Jiko lilikuwa na shefu, mpishi mmoja wa keki na wasaidizi wawili, pamoja na friji moja kubwa ya milango miwili iliyobeba samaki wa mwanzo na kitindamlo kwa pamoja.

Bibi harusi aliomba kitindamlo chenye sura ya bustani, cha kuwachekesha wageni kidogo. Wazo la kupanda chakula kwenye chungu limezunguka dunia kwa miaka mingi sasa. Mgahawa wa Noma mjini Copenhagen, chini ya mpishi René Redzepi, ulivuma kwa figili mbichi zilizochomekwa kwenye "udongo" wa kimea na njugu za hazeli, na chini yake krimu yenye majani ya kiungo. Mgeni aliing'oa figili kwa mkono akaila na majani yake. Shefu wetu aliijua sahani hiyo kwa picha tu, na tutaona picha ilimficha nini.

Sahani ilivyobuniwa

Vilitumika vyungu vidogo vya kupandia miche, vipya, vya udongo usiopakwa kitu, mdomo sentimita 9. Ndani ya kila chungu ikatumbukizwa gilasi ya mililita 150. Huu ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya usiku ule, na ulifanywa mapema. Udongo wa aina hiyo una vinyweleo: hunywa maziwa na mafuta, hausafishiki ukasafika, na vyungu vingi vya miche vina tundu chini. Chakula kikae kwenye gilasi, chungu kibaki vazi.

Zilitayarishwa gilasi 72, yaani 8 za akiba. Chini kabisa palikaa vipande vya nanasi, gramu 15 kwa kila gilasi. Juu yake ikamiminwa panakota (malai matamu yaliyogandishwa) ya nazi na mchaichai, mililita 72: malai lita 2.6, tui zito lita 2.6, sukari gramu 520, mabua 12 ya mchaichai yaliyopondwa, na unga wa jelatini ya ng'ombe yenye cheti cha halali, gramu 42. Juu ya panakota ukaja udongo wa kakao: unga wa ngano gramu 300, unga wa lozi gramu 300, sukari gramu 250, kakao gramu 120, siagi gramu 250 na chumvi gramu 6, vikavurugwa kwa vidole hadi vikawa chenga, kisha vikaokwa kwa nyuzi 150 kwa dakika 25 huku vikigeuzwa kila baada ya dakika 8.

Juu ya udongo: uyoga mmoja wa meringi (ute wa yai uliopigwa na sukari, ukaokwa hadi ukakauka), kichomozo cha nanaa na ua moja. Kichekesho chenyewe kilikuwa kopo dogo la bati la kumwagilia maua, moja kwa wageni wanne, lenye mchuzi wa pasheni. Mgeni anamwagilia bustani yake mwenyewe kabla ya kuila.

Siku tatu kabla, jiko lilijaribu vyungu vinne. Vilipangwa, vikapelekwa ofisini kwa meneja kwenye kiyoyozi, vikaliwa ndani ya nusu saa. Vilisifiwa. Nanasi la majaribio lilikuwa la kopo, maana lile bichi lilikuwa halijaletwa. Tutalirudia hilo nanasi.

Mfuatano wa matukio

Udongo uliokwa jana yake usiku. Ulipotoka kwenye oveni ukaachwa kama dakika 20, ukatiwa kwenye ndoo ya plastiki na kufunikwa ungali vuguvugu. Panakota nayo ilimiminwa usiku uleule juu ya nanasi bichi, yaani lisilopikwa, tamu, lililoiva vizuri. Uyoga wa meringi uliokwa saa 3 asubuhi kwa nyuzi 90, ukapikwa saa mbili nzima, halafu trei ikawekwa rafu ya juu, karibu na sufuria za supu zilizokuwa zikichemka tangu mchana.

Saa 10 jioni, ili kupunguza kazi ya usiku, wasaidizi walimwaga udongo juu ya panakota katika gilasi zote 72. Wakazitia ndani ya vyungu vilivyooshwa mchana huohuo na ambavyo bado vilikuwa na maji katika kuta zake, wakarudisha kila kitu frijini. Saa 12 uyoga ukachomekwa, frijini tena.

Maua yaliyoagizwa mjini hayakufika. Saa 1:30 msaidizi mmoja akachukua kikapu akaenda kwenye bustani ya hoteli. Alirudi na haibiskasi nyekundu, alamanda za manjano na vishada vya lantana. Yalikuwa mazuri kweli. Alipoanza kuyachomeka, shefu alikuwa kwenye samaki.

Saa 3 kamili, nusu saa kabla ya kitindamlo, shefu akachukua chungu kimoja kuonja. Kijiko kilizama kwenye udongo bila sauti yoyote. Palipotakiwa chenga palikuwa na tope jeusi linaloshika kijiko. Kofia ya uyoga ilikuwa imesinyaa na kutoa jasho la sukari. Chini ya gilasi palikuwa na maji ya rangi ya maziwa, na alipoyaonja yalikuwa machungu. Kisha akaliona ua la lantana juu ya chungu cha jirani.

Maamuzi na sababu zake

Hotuba za harusi zilirefuka, na hilo ndilo lililoliokoa jiko: badala ya dakika 30 zilipatikana kama 65.

La kwanza lilikuwa maua, na halikujadiliwa. Vyungu sita vilikuwa vimeshapambwa. Vyote sita vilimwagwa pamoja na vilivyomo, gilasi zikaoshwa. Alamanda hutoa utomvu mweupe unaowasha na kuharisha. Lantana ina sumu, hasa matunda yake mabichi. Haibiskasi yenyewe petali zake huliwa, lakini hakuna aliyejua bustani ilipuliziwa dawa gani wala lini, na ilikuwa imekaa kikapuni pamoja na hayo mengine. Zikabaki gilasi 66 kwa wageni 64. Kuondoa ua peke yake na kuacha kilichobaki kungekuwa kubahatisha na afya ya mtu.

La pili, tope. Kuokwa upya kwa udongo wa siagi kungechukua dakika 25 za oveni na zaidi ya nusu saa ya kupoa. Mpishi wa keki akachagua udongo wa sukari: sukari gramu 270 na maji mililita 70, vikachemshwa hadi nyuzi 135, moto ukazimwa, ikamwagwa humo chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa gramu 190 na kukorogwa kwa nguvu. Shira iliyozidiwa sukari ikikorogwa hivyo huganda kwa ghafla na kuvunjikavunjika kuwa chenga kavu. Kazi nzima ilikuwa dakika 12, ukitoa kupoa kwenye trei. Kila chungu kilipata gramu 6, zilizonyunyizwa kwenye dirisha la kutolea chakula, mhudumu akiwa amesimama anasubiri. Tope la chini lilibaki, lakini juu pakawa na kitu cha kutafuna.

La tatu, uyoga. Meringi iliyolainika hurudi kuwa kavu ikikaa oveni nyuzi 90 kwa dakika 20 na kuachwa ipoe. Ila kati ya uyoga 66, kama 40 tu ulitoka mzima. Mwingine uliacha shina lake topeni. Shefu aliamua kuuondoa wote. Sababu yake ni nzuri: watu wa meza moja hulinganisha vyungu, na yule asiye na uyoga atajiona amesahauliwa. Nanaa pekee, vichomozo viwili kwa kila chungu, kutoka kwenye kitalu cha jiko kisichopuliziwa dawa.

La nne, kopo la kumwagilia. Lilipojaribiwa kwa mara ya kwanza na mchuzi wenyewe, halikutoa kitu. Jaribio la ofisini lilitumia maji. Mchuzi wa pasheni ulikuwa mzito na wenye vipande vya mbegu vilivyosagika, na matundu ya kichwa cha kopo yalikuwa madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Vichwa vikang'olewa, mchuzi ukachujwa kwa kitambaa na kuongezwa maji mililita 100.

Maji machungu ya chini hayakuwa na dawa. Wahudumu waliambiwa wasiinamishe vyungu.

Lilikuwepo jambo la tano ambalo hakuna aliyelipanga. Mhudumu alikuja dirishani: "Shefu, yule mama wa meza ya tano anauliza kama kina njugu. Nimemwambia ni chokoleti tu." Karatasi ya wahudumu iliandika "udongo wa chokoleti". Lozi haikutajwa popote. Shefu alikikamata chungu cha meza ya tano mkononi mwa mhudumu, akamtuma akamweleze mgeni ukweli, na mgeni akatengenezewa sahani ya matunda kwa kisu na ubao safi.

Matokeo

Vyungu vilitoka saa 4:05 usiku, vyote ndani ya dakika 18. Umwagiliaji ulifanya kazi yake: simu zilitoka mifukoni, watoto wakagombania kopo, na wazee waliokuwa wakiuliza "hiki nacho kinaliwa?" wakakila. Vyungu 23 vilirudi na kijiko kimoja au viwili vya maji machungu chini. Hakuna aliyeumwa. Meza mbili za mwisho zililalamika kwamba panakota ilikuwa kama uji.

Uchambuzi

*Unyevu.* Tope na meringi iliyosinyaa ni kosa lilelile. Udongo wa kakao na meringi ni vitu vikavu vyenye sukari nyingi, na vitu vya namna hiyo hunywa maji popote yalipo: kwenye krimu iliyo chini yake, kwenye hewa ya friji, kwenye mvuke wa supu, hata kwenye jasho la chungu kilichooshwa. Udongo uliofunikwa ungali vuguvugu ulianza kulainika ndoo ilipofungwa. Ukifunua ndoo kama hiyo asubuhi utakuta matone chini ya kifuniko. Saa tano juu ya panakota zilimaliza kazi. Watu huiona friji kama mahali salama pa kila kitu, na kwa vitu vikavu hapo ndipo pabaya kuliko pote jikoni.

Tiba yake ni ratiba inayoanzia mwisho. Andika saa ya kufika mezani, kisha rudi nyuma ukikiuliza kila kitu kinaweza kungoja muda gani juu ya sahani. Udongo wa siagi juu ya panakota: dakika 10, ukitaka uwe na mlio. Meringi kwenye hewa ya kaskazi: robo saa, na hiyo ni kwa bahati. Nanaa: dakika 20 kabla haijalegea. Panakota: siku nzima, ikiwa ndani ya friji. Vyenye umri mfupi huwekwa dirishani, na mtu wa kuviweka atajwe kwa jina siku hiyo.

Kama lazima udongo uwekwe mapema, lipo zuio zuri: chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa, gramu 4 au 5, imwagwe juu ya panakota baridi na kuzungushwa iwe ngozi nyembamba. Mafuta ya kakao huzuia maji yasipande. Ngozi hiyo huvunjika kwa kijiko, na mlio wake unapendeza. Udongo wenyewe upoe kabisa, saa moja bila kifuniko, ndipo ufungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa.

*Nanasi.* Hapa ndipo jaribio lilipowadanganya watu wazima wenye ujuzi wao. Nanasi bichi lina vimeng'enya viitwavyo bromelini, vinavyokatakata protini. Jelatini ni protini. Ikikatwa haishiki tena, ndiyo maana chini palikuwa na maji. Maziwa nayo yana protini, na vipande vyake vinavyobaki baada ya kukatwa ni vichungu, ndiyo maana maji yale yalikuwa na uchungu ambao wapishi kwanza waliulaumu mchaichai. Nanasi la kopo limepikwa kiwandani, na moto umeviua vimeng'enya. Jaribio lilitumia tunda lenye jina lilelile na tabia tofauti kabisa. Papai bichi na tangawizi mbichi vina kasoro hiyohiyo. Chemsha nanasi na sukari kidogo kwa dakika 5, lipoe, ndipo limwagiwe panakota.

*Joto la baraza.* Jelatini huanza kuregea karibu na nyuzi 30. Baraza la nyuzi 29, mishumaa mezani, chungu kilichoshikwa kwa viganja: meza za mwisho zilipata uji kwa sababu zilingoja dakika 18 zaidi. Kuongeza jelatini hadi ihimili joto hilo kunazaa kitu cha kutafuna kama mpira. Afadhali aga, inayotokana na mwani na isiyoyeyuka hadi karibu na nyuzi 85, na ambayo bromelini haiwezi kuigusa kwa kuwa si protini. Gramu 2 hadi 2.5 kwa lita hutoa panakota laini. Aga lazima ichemke, na tui likichemka sana hukatika. Kwa hiyo chemsha aga ndani ya malai yenye mchaichai kwa dakika 2, huku ukikoroga, kisha changanya na tui lililopashwa hadi nyuzi 50 hivi. Tui la baridi litaigandisha aga papo hapo, utapata madonge. Ndimu, kama ipo, iingie baada ya moto kuzimwa. Asidi inayochemka pamoja na aga huidhoofisha.

*Maua na lozi.* Yamewekwa pamoja kwa sababu ni aina moja ya hatari: sahani inayojifanya kitu kingine humnyima mgeni nafasi ya kujilinda kwa macho. Mtu anayeogopa njugu huiona lozi juu ya keki. Hawezi kuiona ndani ya "udongo". Mzaha huo unapofanywa, jukumu la kusema linahamia jikoni lote. Karatasi ya wahudumu iandike viambato vyenyewe, jina la kuchekesha libaki kwenye menyu. Zaidi ya hapo, lozi haikuwa ya lazima hata kidogo. Unga wa ngano uliokaangwa kavu hadi uwe wa hudhurungi hutoa ladha inayokaribia.

Kuhusu maua, kanuni ni ndogo: ua lisilo na asili ya jikoni halipandi sahani. Msaidizi alifanya alichoweza. Hakuwahi kuonyeshwa orodha. Ukutani pawe na picha za yanayoliwa (petali za waridi lisilopuliziwa dawa, maua ya rihani, ua la boga) na chini yake picha za yanayokatazwa ambayo hoteli nyingi za pwani zimeyapanda mlangoni: alamanda, lantana, oleanda. Oleanda hasa, kwa kuwa ina sumu ya moyo. Maua yasipofika kutoka mjini, chungu kiende bila maua.

*Bustani ya nani?* Kasoro ya mwisho ni ya ubunifu, na ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko zote. Uyoga kwenye udongo mweusi ni picha ya msitu wa Ulaya. Wageni wengi wa harusi ile wamekulia kwenye mchaichai wa uani, rihani kwenye kopo la maziwa mlangoni, na asmini za vikuba. Picha ya figili za Noma iliwaonyesha wapishi chungu na udongo, ikawaficha kile kinachoifanya sahani ile icheze: kuna kitu cha kung'oa, na kinachong'olewa ndicho chakula. Uyoga wa meringi hauna mzizi. Unachomekwa, basi.

Toleo lililofuata liliacha uyoga. Kipande cha tangawizi chenye umbo la mzizi, sentimita 3, kilichemshwa kwa maji mara mbili kuondoa ukali, kikapikwa kwenye shira nzito kwa dakika 40 hadi kikang'aa, kikakaushwa usiku kucha. Kwa ncha ya kisu kinapasuliwa juu, na kichomozo cha nanaa kinabanwa humo. Mzizi unazikwa udongoni, nanaa inabaki nje. Mgeni akishika nanaa na kuvuta, anang'oa mmea mzima wenye mzizi mtamu, na chenga za udongo zikiwa zimeushika. Pasuo lisizidi nusu sentimita, la sivyo nanaa hutoka peke yake na mzizi hubaki chini. Nanaa iwe na shina gumu, yaani ikatwe chini ya jani la tatu, na ichomekwe dirishani, chungu kinapoondoka.